Nilitumia Jina la Mwanangu Kuleta Transfoma Gatuanyaga

Kwanza niwagombeze. Vidole vya kusugua simu mchana kutwa mnavyo, lakini cucu aliyemzaa baba yako ulimwona lini? Krismasi? Ya mwaka gani? Aibu. Mngekuwa mnakuja, wazee hatungetafuta ushauri kwa watu tusiowajua sura.

Nina miaka sabini na minane, kama kitambulisho hakidanganyi. Ni mjane, naishi Gatuanyaga, kule Thika kwenye vumbi, na ng'ombe wawili. Darasa sikuliona hata kwa dirisha. Haya nimeyasema kwa simu, wenye ukurasa huu wa ushauri wakayaandika, na nimewaomba wanifiche kwa sababu ya kijana wangu.

Kijana wangu amefanywa mkubwa wa kampuni ya stima ya serikali. Mwaka haujaisha. Msidhani ni raha. Amekuta transfoma zimezeeka, wezi wananyonya mafuta yaliyomo wakauze, na ndani ya ofisi yake kuna wanaomchekea huku wakimchimbia shimo. Stima ikipotea dakika tano, nchi nzima inamtukana yeye na mimi niliyemzaa. Amekonda. Suti inamning'inia kama imeanikwa.

Alipopata hiyo kazi, akina mama wa hapa walikuja kunipongeza, kila mmoja na kiondo cha unga, ndizi, maharagwe. Kwetu kiondo cha mgeni hakirudi kitupu. Ukitoa vyake, unaweka chako. Sasa wao walikuwa wengi na mimi nilikuwa na njahi, yale maharagwe yetu meusi, debe moja tu. Tena transfoma yetu ilikuwa imeungua, tumekaa gizani miezi minne. Rafiki yangu mmoja, tuliolewa mwaka mmoja, akasema akicheka, "Wacha kuhangaika na njahi, Mama Stima. Sisi tuwekee taa humo ndani!" Wakapiga vigelegele. Nikavimba kichwa. Nikasema, "Nimeweka."

Neno likishaingia kwa kiondo cha mtu, utalitoaje?

Nikamwambia kijana wangu. Akasema, "Mama, kuna foleni. Hata wewe uko kwa foleni." Nikanuna. Kesho yake nikampigia injinia wa upande wetu, namba aliniachia alipokuja kuangalia ile iliyoungua. Nikamwambia, "Mimi ni mama ya mkubwa wako. Amesema mtuletee transfoma." Hakuwa amesema. Nilidanganya. Injinia akajibu kwa adabu, "Sawa mama, usijali." Siku ya tatu transfoma ikaletwa. Tuliimba mpaka ng'ombe wakashtuka.

Wiki tatu zikapita, kijana wangu akaja. Hakuketi.

"Mama, hii transfoma ilikuwa ya mtaa fulani wa Ruiru. Kulikuwa na mzee huko, alikuwa anapumua na mashine ya oksijeni. Walikodi jenereta, ikaharibika. Amezikwa Ijumaa."

Nikamsogezea kiti.

"Injinia aliyeileta hapa hataki kusema aliambiwa na nani. Nimemsimamisha kazi. Naona ametumwa na wale wanaotaka nitoke, ndio waseme nimenyang'anya watu nikaletea kwetu. Kuna mtu wa hapa alimpigia?"

Nikaangalia ng'ombe. "Sijui," nikasema.

Akaamini. Tangu nimzae hajawahi kunishuku. Akanywa chai, akaniambia nifunge sweta vizuri, kuna baridi.

Jumatatu bibi ya injinia akaja, mtoto mgongoni. "Cucu, bwana yangu hajakutaja na hatakutaja. Anajua mkubwa ndiye alikutuma, kwa hivyo anangoja tu mkubwa amwokoe."

Ngai wangu! Anamngoja mtu asiyejua lolote! Nami nikamwambia nini? Nilimpa maziwa. Chupa ya maziwa! Akanishukuru kwa mikono miwili, na zile shukrani zimenikaa hapa kifuani kama mfupa.

Sasa injinia anaitwa mbele ya kamati ya nidhamu ya kampuni Alhamisi. Nikisema ukweli, magazeti yatamla kijana wangu. Nani ataamini mama aliagiza transfoma na mwanawe hakujua? Nikinyamaza, mtoto wa wenyewe anafutwa kwa kosa langu, akiamini anamlinda mkubwa wake. Na yule mzee wa Ruiru, hata jina lake sijaliuliza. Naogopa. Nikilijua itabidi niende nisimame mbele ya watu wake.

Msiniambie "omba tu, cucu." Nimeomba mpaka magoti yamekataa. Nataka kusikia binadamu. Nimmalize kijana wangu kwa mdomo wangu, ama nimmalize mtoto wa wenzangu kwa kunyamaza? Semeni, na mseme kabla ya Alhamisi.

Na wewe, siku ukienda kumwona cucu wako, mpelekee sukari, lakini kabla hajaweka maji motoni muulize: "Cucu, jina langu umelitumia wapi?" Akisema hajui, muulize tena. Mimi niliulizwa mara moja tu.