Mlango wa Sentimita Sitini na Nne

Watu wengi hawajui kwamba kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya kusema mlango ni mwembamba. Yupo. Katika ofisi ya ujenzi ya manispaa, chumba cha mwisho kabla ya stoo ya mafaili, kulikuwa na mama mmoja aliyeifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na minane. Kila jengo la umma, liwe shule, soko au zahanati, lilipita mezani kwake likiwa ramani, kisha likakaguliwa naye likiwa matofali, ili athibitishe kwamba mtu asiyeona, mwenye magongo au mwenye kiti cha magurudumu ataweza kuingia, kuhudumiwa na kutoka. Bila saini yake, jengo halikufunguliwa.

Mafundi walimwita Mama Sentimita. Jina hilo lilizaliwa siku alipomwamuru mkandarasi mmoja kuvunja njia ya mteremko iliyokuwa imesimama mno.

"Lakini mama, imezidi kidogo tu!" mkandarasi alilalamika.

"Kidogo kwa nani? Ngoja mwenye kiti aje akuoneshe."

Mwenye kiti alikuwa mumewe. Zamani alikuwa fundi mwashi, na hata baada ya kuanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi na kupooza miguu, kila mtu aliendelea kumwita Fundi. "Nimejenga ngazi maisha yangu yote," alipenda kusema, "sasa zimeamua kunicheka." Siku hiyo aliupanda mteremko kwa mikono yake hadi katikati, nguvu zikamwishia, kiti kikaanza kurudi nyuma. Mkandarasi alikimbia kumdaka.

"Usiniguse!" Fundi alifoka, akaserereka kinyumenyume mpaka kwenye rundo la mchanga. Alitoka humo na mchanga kichwani, akicheka. "Umekiona hicho kidogo chako? Nusura kinizike."

Mteremko ulivunjwa kesho yake.

Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi yao kwa miaka kumi na mmoja. Jumamosi kabla ya saini, Fundi aliletwa kwenye jengo. Alitoka getini hadi dirisha la huduma, kutoka hapo hadi chooni, akafunga komeo, akanawa mikono, akarudi getini. Hakuna aliyeruhusiwa kumgusa yeye wala kiti. Akiguswa, jengo limefeli. Mkewe alimfuata nyuma na daftari, mikono ameifunga mgongoni ili isimsaliti. Safari moja gurudumu lilinasa kwenye mfereji wa soko jipya, naye alisimama dakika ishirini akimtazama mumewe akihangaika juani, machozi yakimlengalenga, asinyanyue hata kidole. Soko lile lilifeli.

Kiti chenyewe Mama Sentimita hakuwahi kukikalia, hata kwa mzaha. "Hiki si kiti cha wageni," Fundi alikuwa akisema. "Anayekikalia awe na sababu."

Jioni, wakiwa mezani, Fundi alimuuliza mkewe swali moja kila alipotoka kwenye ukaguzi: "Bibie, leo umepima mlango au tundu?"

Lilikuwa swali la kifundi. Ukuta unapojengwa huachwa tundu la mlango, na ukilipima utafurahi. Halafu inakuja fremu, inakula. Zinakuja bawaba, zinakula. Ubao wa mlango wenyewe nao ukikuta kizuizi nyuma yake, unakula zaidi. "Tundu ni uchumba," Fundi alieleza, "mlango ndio ndoa. Usimsifu mtu wakati wa uchumba." Mama Sentimita aliyarudia maneno hayo kwa kila mkaguzi mgeni aliyeletwa ofisini kufundishwa, nao wakayaandika kwenye madaftari yao.

Kisha likaja jengo jipya la wagonjwa wa nje katika hospitali ya manispaa.

Uzinduzi ulipangwa Jumatatu, na mgeni rasmi alikuwa amekwisha kualikwa. Ijumaa mchana Mama Sentimita alikuta kila kitu kimekamilika isipokuwa choo cha wenye ulemavu, ambacho hakikuwa na mlango. Alipima tundu: sentimita tisini. Safi kabisa. Ilibaki kungoja mlango ufungwe, kisha Fundi aje kujaribu. Lakini Fundi alikuwa kitandani na homa tangu usiku uliotangulia, na asubuhi ile alimwacha akitetemeka chini ya mablanketi mawili.

"Dada yangu, tia saini," mkuu wa idara alimsihi. "Mlango ni kazi ya siku mbili. Tisini si unaiona mwenyewe? Nenda ukamwangalie mgonjwa wako."

Alilifikiria paji la uso la mumewe, lilivyokuwa la moto. Akatia saini, akakimbilia nyumbani.

Jioni Fundi alikuwa amekaa, anakunywa uji, pua imemziba. "Ile hospitali je? Kesho sitaweza kuijaribu. Umepima mlango au tundu?"

"Mlango," alijibu, akainuka kwenda kuosha sufuria.

Miezi saba baadaye figo za Fundi zilianza kumsumbua. Walikwenda hospitali asubuhi na mapema. Njia ya mteremko ilikuwa laini, dirisha la huduma lilikuwa usawa wa macho yake, naye alifurahi kama mtu aliyekaribishwa nyumba aliyosaidia kuijenga.

"Mzee, chukua kichupa hiki," nesi alimwambia. "Choo chako ni kile pale chenye picha ya kiti. Ukimaliza uniletee."

"Naona. Mpaka picha yangu wameibandika," Fundi alisema, na watu waliokuwa kwenye mabenchi wakacheka.

Alikisukuma kiti hadi pale, akausukuma mlango. Uliingia ndani, ukagonga sinki, ukasimama. Kiti kilinasa. Alirudi nyuma, akajaribu kwa upande, akachubuka vidole. Alijaribu mara ya tatu. Kicheko cha kwenye mabenchi kilikuwa kimekwisha.

Mama Sentimita alitoa futi yake ya chuma mkobani, akapima. Sitini na nne. Kiti cha Fundi kilikuwa sitini na saba. Alikijua kama alivyokijua kimo cha mumewe.

Mlinzi alikuja mbio. "Mzee, tukubebe?"

"Usiniguse, kijana wangu. Nipe nafasi kidogo."

Lakini tangu ajali, mwili wa Fundi haukuwa na subira. Ulimpa taarifa fupi, na mara nyingine haukumpa kabisa. Maji yalianza kudondoka chini ya kiti, yakasambaa kwenye vigae vilivyong'aa. Mama mmoja alimgeuza mtoto wake aangalie upande mwingine, na heshima hiyo ndiyo iliyouma zaidi. Fundi alibaki amekishika kile kichupa kitupu.

"Sijui ni mjinga gani aliyeupitisha mlango huu!" mlinzi alilaani.

Fundi aliutazama mlango, akalitazama sinki, akamtazama mkewe aliyesimama na futi mkononi. Fundi ni fundi. Alielewa.

"Si mjinga," alisema polepole. "Huenda alikuwa na haraka. Huenda alikuwa na mgonjwa nyumbani."

Nyumbani, Mama Sentimita akimwosha miguu, Fundi ndiye aliyeanza kuzungumza.

"Kumbe lilikuwa tundu."

"Lilikuwa tundu."

"Ukanidanganya."

"Nilikudanganya."

Fundi aliitazama miguu yake majini. "Ile homa yenyewe ilikuwa mafua tu, bibie," alisema, na sauti yake haikuwa na hasira hata chembe. Mama Sentimita alikiri baadaye kwamba angetukanwa, angeweza kuvumilia.

Daktari alikuwa ametaka amwone kila wiki. Fundi alikataa. "Sirudi pale mpaka mlango ule unipitishe." Mkewe alimsihi, akamtajia chombo cha kukojolea kitandani, akamtajia pazia la kumsitiri. Hospitali nyingine yenye daktari wa figo ilikuwa mwendo wa siku nzima, na Fundi hakuwa tena na mgongo wa safari hiyo. "Nitabebwa nikiwa maiti," alisema. "Hapo sitakuwa na habari."

Ikawa basi kwamba uhai wa mumewe umening'inia kwenye bawaba. Mama Sentimita alijua dawa yake: kulihamisha sinki, kupanua tundu kidogo na kuugeuza mlango ufungukie nje. Aliandika barua ya kufuta saini yake, akaipeleka mwenyewe kwa mkuu wa idara.

"Dada, unajipalia makaa," mkuu alimwambia. "Hakuna mtu aliyewahi kufuta saini yake hapa. Wakiuliza nani alikuhimiza, niseme nini?"

"Sema unavyotaka. Uliniambia mlango ni kazi ya siku mbili. Nipe siku mbili hizo."

"Lazima kamati ikae."

Kamati haikukaa wiki ile. Wiki ya pili mwenyekiti alikuwa safarini. Wiki ya tatu ilikaa, ikaomba ramani, na ramani ilikuwa stoo, hatua sita kutoka mezani kwake. Aliitafuta mwenyewe kwa magoti. Kila asubuhi alisimama mlangoni kwa mkuu kabla hajafungua ofisi, na kila jioni alirudi kumkuta Fundi amevimba uso zaidi, akiuliza kwa mzaha, "Vipi, nimeshapitishwa?"

Alhamisi ya wiki ya sita alirudi akikimbia, kiatu kimoja kimekatika kamba. "Wamekubali! Mwashi anaanza Jumatatu!"

Fundi alitabasamu. "Basi Jumatano twende. Nipigie pasi lile shati la bluu, wasije wakafikiri nimezoea kuja pale nimelowa."

Alilipiga pasi usiku uleule, akalitundika msumarini. Jumapili mchana Fundi alifia kwenye kiti chake karibu na dirisha, mkewe akiwa jikoni, wakiwa katikati ya mazungumzo. Mama Sentimita aliuliza jambo, hakujibiwa, akauliza tena.

Walimtoa watu wanne. Mlango wa nyumba yao Fundi aliupanua mwenyewe, akiwa amekaa, kwa nyundo na patasi, mwaka ule alipotoka hospitali baada ya ajali. Jeneza lilipita sawasawa bila kuinamishwa wala kugusa ukuta.

Majuma mawili baadaye mkuu wa idara alimpigia simu kwa sauti ya chini. Mlango uko tayari, inatakiwa saini. Mkuu hakumwambia kwamba angeweza kumtuma mtu mwingine, na Mama Sentimita hakuomba. Alikwenda, akikisukuma mbele yake kiti kitupu.

Mwashi alikuwa anafuta vumbi. "Karibu mama. Kisukume tu, kinapita."

Alipima: themanini na nane. Kisha alikishika kiti, akasita. Kukisukuma ni kukigusa, na kikiguswa, jengo limefeli. Alikigeuza, akakirudisha mpaka getini. Pale, mbele ya mkuu, mwashi na mlinzi, akakaa.

Kitambaa kilikuwa kimebonyea kwa umbo lisilo lake. Mikono yake haikujua kazi ile. Kiti kilikwenda kombo, kikagonga nguzo, kikasimama katikati ya mteremko. Mlinzi, yuleyule, alipiga hatua.

"Mama, nikusaidie?"

"Usiniguse."

Alifika dirisha la huduma. Alifika chooni. Mlango ulifungukia nje, na kila upande ilibaki nafasi ya ngumi. Wakasikia komeo likifungwa. Wakasikia bomba likifunguliwa, maji yakitiririka, yakatiririka muda mrefu sana kuliko unaohitajika kunawa mikono. Mkuu wa idara alivua miwani yake, akaitazama sakafu.

Alipotoka, viganja vyake vilikuwa vimelowa na vimechubuka. Aliomba fomu. Mahali pa saini alitia saini. Chini yake, palipoandikwa "Maelezo ya mkaguzi", aliandika kwa mwandiko wake wa siku zote, mdogo na ulionyooka: *Mlango unapitika. Umechelewa.*