Alhamisi za Roswitha

Roswitha aliolewa kwetu Tirol, kwenye milima ya Austria, akitoka nchi tambarare, na majira tisa ya baridi aliiona theluji kupitia dirisha la jikoni tu. Nyumba ya wageni ya mama mkwe wake, Kreszenz, haikumwachia nafasi: supu, madonge ya mkate, vyombo, supu tena. Kijiji kizima kiko mlimani kwenye skii, zile mbao ndefu za kutelezea thelujini, yeye anakausha vijiko.

Kiangazi cha kumi akamfuata Vinzenz, mpeleka barua mstaafu, aliyewafundisha wasiojua skii kwa viatu vya magurudumu kwenye mteremko wa barabara ya kiwanda cha jibini. Alijifunza alfajiri, wageni wakiwa bado wamelala.

"Kona usiiache njiani, binti. Imalize mpaka ikuelekeze mlimani, utasimama mwenyewe."

Kreszenz akapata habari. "Magurudumu! Haya, Alhamisi ya kwanza ya theluji panda mlimani. Ukishuka kwa miguu yako, Alhamisi zote zako. Ukiletwa na machela, hutoki jikoni humu mpaka Pasaka."

"Sawa, mama."

Siku ikafika. Kona saba alizikata kama yuko barabarani. Ya nane ikamkuta kwenye barafu. Magurudumu hayaponyoki kwenda kando, skii zinaponyoka; hilo miguu yake haikulijua. Akaanguka, akainuka, akaganda. Kupanda hawezi, kushuka hawezi. Chini kabisa aliuona moshi wa jiko lile lile, na Kreszenz mlangoni, mikono ndani ya aproni, anatazama.

Mwokoaji akafika na machela yake.

"Lala humu, dada. Hapa tunabeba wengi."

"Silali."

"Sasa utahamia hapa?"

"Nitahamia."

Nusu saa nzima. Vidole vikafa ganzi. Hatimaye akaacha kuutazama ule moshi. Akazikita skii barafuni kwa makali yake ya pembeni, akaivuka barafu kimshazari mpaka ukingoni penye theluji laini, akaizungusha kona mpaka ikamwelekeza mlimani. Akasimama mwenyewe. Akavuka tena, akasimama tena. Kona kumi na tisa. Sisi tuliokuwa chini tulizihesabu.

Akafika mlangoni suruali imelowa mpaka kiunoni.

"Umechelewa," Kreszenz akasema. "Wageni wanangoja supu."

Roswitha akaziegemeza skii ukutani. Viatu hakuvua.

"Leo Alhamisi, mama. Mwiko uko pale pale ninapouwekaga."