Siku Wifi Aliposhuka Kwenye Tela

Watu wanadhani msimu ule nilikwenda mbugani kulima mpunga. Mpunga nililima, sikatai, na ulikubali. Lakini siku tunafunga mizigo pale Kibaoni moyo wangu ulikuwa na kazi moja tu: nimwone wifi yangu analala kwenye kibanda cha nyasi, mvua inamnyeshea, kama alivyolala mama yangu msimu uliotangulia.

Nianze na tela, maana wengine wakisikia familia inakwenda kukaa kambi wanafikiria wazungu wanaokuja kutazama viboko. Tela letu ni la trekta. Trekta lenyewe baba mkwe alishaliuza kabla hajafa, likabaki tela limekaa uani, kuku wanatagia chini yake. Mume wangu akalichomelea nguzo za chuma, akaezeka bati, akazungushia mbao, nyuma akaweka mlango na ngazi. Mvua zikishika tunakodi trekta la watu, linatuvuta hadi mashamba yetu upande wa Kasansa, linatuacha huko na kurudi. Tunakaa humo mpaka mpunga umepandwa na kupaliliwa. Humo tunalala, humo unga unakaa, humo mtoto anaugulia malaria. Katikati kuna pazia. Mbele analala mama mkwe na binti yake, ndiyo huyo wifi, nyuma mimi na mume wangu na watoto.

Mimi ni Mpimbwe, nimezaliwa hapahapa. Ukoo wa mume wangu ni Wasukuma, walikuja na ng'ombe wao kutoka kaskazini yeye akiwa bado anabebwa mgongoni. Tumeoana na tumezoeana, na jambo la ukwe wote tunaliheshimu. Mwanaume na mama mkwe wake hawalali chini ya paa moja, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Akimwona anakuja njiani, anachepuka porini mpaka apite. Hakuna anayebishana na hilo.

Sasa msimu ule uliotangulia mama yangu alikuwa amedhoofu, mjane, hana mtu wa kumchotea maji. Nikaomba twende naye mbugani. Mume wangu hakuwa na neno. Alisema, "Mama alale kwenye tela na nyie wanawake, mimi nitajijengea kibanda pembeni." Na hivyo ndivyo watu wenye akili wanavyofanya, mwenye nguvu ndiye anayetoka nje. Mama mkwe naye akaitikia. Basi wifi, aliyekuwa amerudi nyumbani baada ya kuachika, ambaye hata kijiko cha kwake hakikuwemo humo ndani, akasimama mikono kiunoni.

"Mwenye tela alale kwenye nyasi kwa ajili ya mkwe? Kasansa nzima watatucheka. Mkwe anajua pa kulala mkwe."

Mama yangu alikuwa amekaa palepale juu ya gunia la mbegu, anasikia kila kitu. Wazee wetu na heshima zao! Akasema yeye hakuja kugombanisha watu, nyasi amezizoea tangu utoto. Nikamtazama mume wangu, naye akawa anatazama matairi. Sikujua mpaka siku ile kwamba mtu mzima mwenye ndevu anaweza kumwogopa dada yake kiasi kile.

Mama akalala kwenye nyasi. Mama mkwe alimpa blanketi lake zito, na kwa hilo sitamsahau mpaka nakufa. Haikupita muda mvua ya usiku ikaangusha paa la kibanda, asubuhi tukamkuta amelowa chapachapa, anatetemeka, maneno hayatoki. Tukampakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke, hadi hospitali. Hakurudi. Kwenye mazishi wifi alilia kuliko mimi mwenye mama. Aligaragara mpaka akashikwa na watu, na katekista akasema huyu binti ana upendo. Mimi nilikaa kwenye mkeka macho makavu, namtazama tu.

Baada ya mavuno wifi akaolewa. Mume ni mtu wa Magamba, mpole, msemaji haba. Ng'ombe walikuja, wakapokelewa, tukala na kucheza. Mvua zilipokaribia tena, tukiwa uani jioni, wifi akatangaza kwamba mwaka huu mumewe naye anakuja mbugani. Wanataka kulima kando yetu. Kulala watalala kwenye tela, kule mbele, mahali pake pa siku zote.

Nilikuwa nachambua dagaa. Nikasubiri mtu aseme kitu. Mume wangu akaendelea na habari za bei ya trekta, wifi akaendelea na habari za godoro jipya. Hakuona! Wifi alimtazama yule mwanaume kama mumewe tu, hakukumbuka kwamba ni mkwe wa mama yake. Sheria ileile aliyomfukuzia mama yangu, siku ilipomgeukia yeye ilimpita usoni asiitambue, maana ndivyo walivyo watu, mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Nikainamisha kichwa kwenye dagaa zangu. Nilisikia furaha hadi kwenye vidole, siwezi kuficha.

Sijawahi kufunga mizigo kwa bidii namna ile. Mizigo ya tela ina mpangilio wake, kitakachotakiwa kwanza ndicho kinachoingia mwisho. Kwa hiyo mbegu na majembe chini kabisa, juu yake unga, chumvi na sabuni, halafu vyandarua, madumu ya maji, taa ya sola, na mlangoni kabisa sufuria na kuni kavu za siku ya kwanza. Kuku niliwaweka kwenye tenga nikalifunga nje. Nilipanda juu ya bati mwenyewe na kopo la lami, nikaziba kila tundu la msumari. Jirani akapita akaniuliza kama safari hii tunahamia moja kwa moja. Nikamwambia hapana, ila mwaka huu nataka watu walale pakavu. Sikumwambia ni watu gani.

Godoro la wifi lilikuwa zito, lina maua mekundu, bado liko kwenye nailoni yake. Nilimsaidia kulipandisha. Nikamtandikia hadi shuka.

"Hapa panakutosha, wifi?"

"Pananitosha sana. Wifi yangu siku hizi umekuwa mtu."

Nimekuwa mtu! Nikacheka naye, nikamtundikia na chandarua.

Akashuka, akaliona turubai la bluu limekunjwa kando ya tairi, akauliza kama tunaliacha. Turubai lile ndilo lililofunika mahindi mwaka ule mama yangu alipofunikwa na nyasi. Nikamwambia, "La nini? Si wote tunalala ndani?" Akasema kweli, akalisukuma kwa mguu, akaenda kusuka nywele za safari. Alipotokomea nikalichukua, nikalikunja jembamba, nikalitandika chini ya mkeka wangu. Nilijua litahitajika, na nilijua sitalitoa.

Siku ya safari mume wa wifi alikataa kupanda kwenye tela. Alikaa juu ya trekta, kwenye bati linalofunika tairi, karibu na dereva, amejifunika mfuko wa mbolea kichwani maana manyunyu yalikuwa yameanza. Wifi akawa anamwita, "We, njoo ndani, utalowa." Hakugeuka. Mama mkwe alikuwa amekaa kule mbele kwenye mkeka wake, na yule mwanaume njia nzima hakugeuza shingo, hata tulipokwama kwenye matope na watu wote kuanza kupiga kelele. Nikajua huyu amelelewa.

Tulifika jua linaelekea kushuka. Trekta lilituweka mahali petu pa kila mwaka, penye mwinuko kidogo, na mume wangu akarudi nalo Kibaoni kuwaleta ng'ombe wa kulimia kesho yake. Tukabaki mimi na watoto, mama mkwe, wifi na mumewe. Nikasonga ugali. Upande wa Rukwa wingu lilikuwa limesimama jeusi. Niliwapakulia wote kwanza, sikutaka mtu aseme nilimnyima chakula. Mume wa wifi nilimpelekea sahani yake nyuma ya gurudumu, alikokuwa amekaa ametupa mgongo.

Kisha nikasema taratibu kabisa, "Wifi, shemeji atalala wapi?"

"Swali gani hilo? Si hapa na mimi."

"Na Mayu?"

Mayu ndivyo tunavyomwita mama mkwe, ni mama kwa Kisukuma. Wifi aliacha kutafuna. Nilimwona jinsi lilivyomwingia, likashuka, likafika. Niliungoja uso ule mwaka mzima na wala haukunipunja.

"Tutaweka pazia," akasema.

"Pazia lipo. Hata mama yangu alipokuja lilikuwepo. Mkwe anajua pa kulala mkwe."

Kutoka nyuma ya gurudumu mumewe akasema, bila kugeuka, "Shemeji amesema ukweli. Mimi nilimwambia mwenzangu tangu nyumbani, akaniambia niache ushamba. Sikupanga kulala humo." Nilimpenda mtu yule saa ile.

Mama mkwe akanawa mikono pole pole. Akaniambia, "Nilikuwa nangoja nani atasema. Nikajua ni wewe." Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimelifunga kwenye mizigo yangu. Alisema, "Haya, nishusheeni mkeka. Mwanangu ni mgeni kwenye ndoa, asitenganishwe na mume wake. Mimi nitalala kwenye nyasi."

Hapo nikamgeukia wifi. Nilifikiri atasema hapana. Ni mama yake yule, magoti hayakunjuki, masikio yamezeeka, na wingu lile tulikuwa tunaliona wote. Wifi alitazama godoro lake, akatazama wingu, akanyamaza. Akawa tayari mama yake ashuke! Mimi niliyemchukia nilikuwa bado sijamfahamu.

Nikainuka nikakaa kwenye ngazi ya tela, nikaziba mlango.

"Mayu, wewe hushuki. Mama mmoja ametosha. Aliyeolewa ni yeye, amfuate mumewe."

"Wifi, na mvua hii?" wifi akaniuliza.

"Naiona."

Nikampa mundu. Nyasi zilikuwa palepale kwenye tuta, alikuwa anapajua. Mumewe alishatangulia kukata miti. Nikaingia ndani nikalisukuma godoro kwa miguu mpaka likadondoka chini, upande wa maua ukagusa matope. Watoto walikuwa wameduwaa. Nilimtazama mama mkwe kama atanikataza, akageukia ukutani akajifunika kanga.

Walijenga haraka haraka, kibanda cha watu wanaogombana na giza. Mimi nikauhamishia mkeka wangu kule mbele, kwenye kona ya wifi, ili Mayu asilale peke yake. Mvua ilikuja kwa nguvu. Bati letu halikuvuja tone. Baadaye mvua ikawa ya kawaida tu, na hapo ndipo nikasikia, "Wifi. Wifi, maji yanaingia. Tupe hata turubai." Kibanda kilikuwa nyuma tu ya mbao za kona ile, palepale kiliposimama cha mama yangu, sauti ilikuja kama mtu yuko humohumo ndani. Mama mkwe hakusikia. Wifi aliita tena, na tena. Turubai lilikuwa chini ya mbavu zangu. Sikulala usingizi, lakini sikuinuka pia.

Asubuhi nikawasha moto, nikabandika chai. Mume wa wifi alikuwa amebeba godoro kwenda kulianika kwenye miti ya mbali, linachuruzika. Wifi akaja motoni. Kanga imemganda, nywele za safari zimefumuka, meno yanagongana. Nilimtazama na nasema wazi kwamba kiu yangu ilikuwa imeanza kukatika. Nilikuwa nimeshammiminia kikombe, sukari nimeweka, na nilikuwa nafikiri akishakunywa nimtolee turubai, yaishe.

Hakukaa. Alisimama anazitazama zile mbao za mbele ya tela, ile kona ambayo sasa nililala mimi.

"Nilikuita usiku," akasema.

"Nilikusikia."

Hakukasirika. Midomo ilimtetemeka, nikadhani ni baridi. Akasema bila kunitazama, "Na mimi usiku ule mama yako nilimsikia."

Chai niliimwaga kwenye majivu. Nikamwambia nyasi alizokata jana ni chache, akakate nyingine, msimu bado mrefu.