Wa Ishirini na Tatu

Bibi yangu mzaa mama aliwabeba marehemu wetu wote kichwani. Aliyezama ziwani, aliyekufa kwa homa, na nani kati yetu tulio hai amepewa jina la nani. Kwetu mtoto hapewi jina hivi hivi. Bibi alikuwa anaipitia orodha yake kimya kimya, anamkuta mmoja ambaye bado hajarithiwa, anasema, huyu. Kwa hiyo mimba ya dada yangu ilipofika miezi saba, bibi akapanda meli kutoka kisiwani Ukerewe, akaja kwetu Kirumba.

Mimi niliishia kidato cha nne. Natoa kopi kwenye duka la steshenari Nyakato, na kutengeneza programu nimejifunza kwenye simu, kwa video za watu ambao nusu ya maneno yao siyaelewi. Lakini nilijua nitafika mbali. Na nilitaka kuanza na bibi, niwatunze watu wake ndani ya kompyuta yangu ya mtumba.

"Mume wangu," aliniita, maana ndivyo bibi zetu wanavyotutania, "hicho kisanduku chako kinakula majina ya watu?"

"Hakili, bibi, kinatunza. Daftari linaliwa na mende."

"Na chenyewe kinaliwa na nini?"

"Na umeme," dada akadakia. "Betri yake ilishazikwa zamani."

Wiki nzima programu ilikuwa imenigomea. Kila nikiingiza jina, inajibu kwamba jedwali halipo. Jedwali ni kama ukurasa wa daftari uliopigwa mistari; bila huo, jina halina pa kukaa. Amri ya kulitengeneza nilikuwa nimeiandika, na bado linakataa. Mwisho nikaona video moja, jamaa anaweka amri mbili juu kabisa mwanzoni: kama kuna jedwali la zamani, livunje, halafu jenga jipya. Nikanakili kama zilivyo. Likakubali. Nikajaribu kwa kuandika ugali na samaki wetu wa ziwani, sato na furu, vyote vikatokea kwenye kioo, nikacheza peke yangu chumbani. Haikunijia akilini kuifunga programu na kuifungua tena, nione kama sato bado yupo.

Jumamosi mchana bibi akakaa mkekani. Alikuwa na sharti moja: anawataja mara moja tu. "Wafu si kuku, uwe unawaita ita." Akawa anataja, mimi naandika na kumsomea namba kwa sauti. Dada naye alikuwa anaandika yale yaliyompendeza nyuma ya bahasha, mpaka usingizi wa mimba ukamchukua. Tulifika arobaini na moja.

"Wa mtoto huyu yupo humo," bibi akasema dada alipoamka. "Simtaji, mtoto hajafika. Akifika nitakwambia ni wa ngapi."

Chai haijaisha, umeme ukakatika, na kompyuta ikazima papo hapo. Sikujali, nilijua yamehifadhiwa. Asubuhi umeme uliporudi nikaifungua. Orodha ilikuwa nyeupe.

Siku mbili nilitafuta. Nilikuja kuelewa kwamba kosa la kwanza lilikuwa dogo sana: amri ya kujenga nilikuwa nimeiweka chini ya ile ya kuandika, kwa hiyo programu ilitaka kuandika kabla ukurasa haujakuwepo. Kuihamisha tu kungetosha. Ile dawa ya kwenye video ndiyo iliyoua. Kila programu ilipofunguliwa ilivunja jedwali na kujenga jipya, na mimi mwenyewe ndiye niliyeifungua.

Sikumwambia bibi. Nilisema moyoni, nitapata njia ya kuyarudisha, kwa nini nimuumize mzee? Jumanne nilimsindikiza bandarini na mfuko wake wa mchele. Kabla hajapanda akanishika mkono.

"Wapo?"

"Wapo, bibi."

Akatabasamu. Ndiyo mara ya mwisho kuisikia sauti yake. Hata mwezi haukuisha, kiharusi kikamchukua upande wa kulia na maneno yote.

Dada alijifungua mtoto wa kike. Alipopata nguvu tukavuka naye kwenda Ukerewe. Bibi alikuwa amelazwa karibu na dirisha, tukamwekea mtoto kifuani. Nikasema shikamoo, akafumba macho na kuyafumbua. Alimtazama mtoto kwa muda, akanitazama mimi, kisha begi langu la kompyuta. Akainua mkono wa kushoto. Akafungua vidole vitano. Akafumba. Vitano tena. Mara nne. Halafu vitatu.

"Ishirini na tatu," dada akasema, na machozi tayari. "Bibi amekumbuka. Haya, fungua, ni nani?"

Sikuifungua. Nilipiga magoti nikamwambia bibi kwamba hawapo, kwamba hata siku ile bandarini hawakuwepo. Dada akatoa ile bahasha kwenye mkoba wake. Ilikuwa na majina tisa, bila namba. Nikamsomea bibi yote, polepole, na kwa kila moja alitikisa kichwa kidogo sana kwenye mto, kukataa. Baada ya la tisa alikiinua tena kile kiganja, vitano, vitano, vitano, vitano, vitatu, kama mtu anayerudia kwa mtoto asiyeelewa.

Mpwa wangu anaitwa jina la nne kwenye bahasha, dada alilichagua mwenyewe. Programu nimeirekebisha. Sasa kabla ya kujenga inauliza kwanza kama jedwali lipo, na likiwepo hailigusi. Ndani yake kuna majina tisa ya kwenye bahasha. La bibi, tuliloliongeza mwezi wa nne, ni la kumi.