Mama aliambiwa "kula kama mababu", akala nduma. Coach wa low carb anasema ni makosa yake

Wakuu, salamu kwenu nyote, wenye vitambi na wasio navyo.

Wale wa zamani humu wananijua. Mimi husoma zaidi kuliko kuandika, nikicomment ni mambo ya ng'ombe na siasa kidogo. Lakini siku hizi kila nikifungua forum nakuta mtu anauliza kuhusu low carb na ile nyingine ya Paleo, na watu wanamjibu kana kwamba wote ni madaktari. Leo nimeshindwa kunyamaza.

Nitakayoandika si ya kusikia kwa jirani. Ni ya mama yangu mzazi, yuko hai, na nikiongeza chumvi atanisuta mwenyewe.

Niseme mapema kilichonileta hapa: mama alikuwa karibu kukatwa mguu. Na mtu aliyemfikisha hapo bado anaitwa Coach na bado anapigiwa makofi.

Mimi nafanya kazi Hurlingham, ofisi moja hapo Argwings Kodhek. Boss wetu, nitamwita Madam, alishikwa na homa ya low carb. Mandazi za chai ya saa nne zikapigwa marufuku. Tukaanza kuletewa mayai ya kuchemsha na makadamia. Jamaa wa accounts akawa anaficha mkate kwa drawer kama mtu anayeficha bangi.

Na sitaki kudanganya, Madam alipungua. Zamani akipanda ngazi unamsikia kutoka reception. Sasa anapanda akiongea na simu. Kwa hivyo wale mtakaokuja hapa kuitetea low carb, tulieni kwanza, sijasema haifanyi kazi.

Aliyemfundisha Madam ni kijana aliyerudi kutoka majuu, tisheti ya kubana, kifua mbele. Jina lake naliacha. Nitamwita Coach, maana ndivyo alivyotaka kuitwa hata na wamama wanaoweza kumzaa.

Coach alikuwa na mikutano ya Jumamosi nyumbani kwa Madam, Kitisuru. Madam akaniita ofisini kwake.

"Si mum wako ako na sukari? Mlete Saturday. Huyu Coach atamsort."

Mama anaishi Mutuini. Ana kashamba, ng'ombe wawili, na nyumba chache za kukodisha. Sukari amekaa nayo miaka mingi na alikuwa ameizoea: tembe asubuhi, tembe jioni, kliniki haikosi, ugali kiasi. Hakuwa mgonjwa wa kulala. Alikuwa anakata nepia, yale majani ya ng'ombe, mwenyewe.

Kuna kitu lazima mkijue kumhusu. Mimi nimepewa jina la mama yake, kama desturi yetu ilivyo, kwa hivyo mama huniita "maitu", yaani mama yangu. Nikimkaripia kuhusu dawa hucheka na kusema hata zamani nilikuwa mkali hivyo hivyo. Kwake mababu ni watu wenye majina. Anajua nani alipenda nini na walikuwa wakila wapi.

Sasa njooni Kitisuru.

Viti vimepangwa kwenye nyasi, wamama wamejaa, wengi wa umri wa mama na wengi wana sukari au pressure. Coach akaanza kwa Kiswahili ili awapate.

"Wamama wangu, niambieni. Mababu zetu walikuwa na sukari? Walikuwa na pressure? Zii! Si walikuwa fit? Basi kula vile walikula. Wachaneni na ugali, chapo, mkate, mchele. Hizo vitu tuliletewa. Rudini kwa chakula ya mababu, na hizo dawa mtajipata mmeziwacha tu."

Makofi.

Halafu akawasha projector na kuhamia Kiingereza. Picha za watu wa mapangoni wakikimbiza wanyama na mikuki. Sijui grains, sijui hunter-gatherer. Mama anajua Kiingereza cha benki na cha kanisani. Hicho cha mapangoni hakumfuata nacho, na hakuwa na haja. Alikuwa ameshapata alichokuja kuchukua.

Tukirudi akaniambia, "Maitu, huyu kijana ana akili. Amesema vile cucu, nyanya yangu, alikuwa anasema."

Hata jina la hiyo diet, Paleo, hakulipata. Alisikia "Paulo". Jumapili akawaambia wenzake wa kanisani kwamba anakula chakula cha Paulo, na kuna mmoja alienda kutafuta kwenye nyaraka akakosa. Tulicheka sana. Siku hizi nikikumbuka sicheki.

Sasa nawauliza nyinyi watu wa kwetu. Mama wa Mutuini akiambiwa ale kama mababu, atakula nini?

Nduma!

Nduma, yale magimbi, na ngwaci, viazi vitamu vyetu, asubuhi. Ndizi za kuchemsha mchana. Uji wa wimbi jioni, kibuyu kizima. Na kwa kuwa sukari ya dukani tuliletewa, akaweka asali, maana mababu walikuwa na mizinga. Asali yenyewe Coach aliitaja kwa mdomo wake kuwa ni ruhusa.

Ugali hakugusa. Chapati alizipita kwenye harusi ya binamu yangu, na mnajua chapati za harusi. Mtu asiniambie mama hakuwa na discipline. Alifuata ile kitu kuliko Madam mwenyewe.

Nami nikimwona anakula nduma nilifurahi. Nani hapa alilelewa akiambiwa nduma ni mbaya? Kila mtu husema ni chakula cha afya.

Dawa akaanza kupunguza kidogo kidogo. Hilo hakuniambia. Alikuwa anangoja "ajipate ameziacha".

Na akakonda wakuu! Nguo zikawa zinamning'inia. Kanisani wakamsifu. Wapangaji wakamsifu. Madam aliposikia akampigia Coach, na Coach akafunga safari hadi Mutuini na kamera. Akampiga picha akiwa ameshika sketi yake ya zamani, ameivuta mbali na kiuno, anacheka. Akamrekodi ushuhuda.

Sisi tulikuwa hatujui kwamba mtu wa sukari akikonda hivyo, mara nyingi ni sukari inayomla.

Mimi dalili moja niliiona. Mama alikuwa anakunywa maji jagi baada ya jagi na kukimbia choo kila saa. Nikampigia Coach, nikamweleza wazi kwamba mama ana sukari na anakojoa kupita kawaida.

Unajua alinijibu nini?

"Hiyo ni toxins zinatoka, mrembo. Body inajisafisha. Mwambie aongeze maji."

Mrembo! Mtu anakuuliza kuhusu mama yake, wewe unamwita mrembo.

Jumamosi moja nikaenda nyumbani nikakuta harufu sebuleni. Nikadhani panya amefia chini ya kochi. Tukasogeza viti, hakuna panya. Mama ameketi tu, gumboot miguuni, ndani ya nyumba, jambo ambalo hata wageni hawaruhusiwi.

Nikamwambia, "Mami, toa gumboot."

"Wacha, maitu. Ni kamti kalinidunga kwa nepia. Hata hakaumi."

Nilipoivua mimi mwenyewe nikajua harufu imetoka wapi. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Na kweli hakuwa anasikia uchungu wowote, mguu ulikuwa umekufa ganzi.

Hospitalini walimdunga kidole kupima sukari. Kale kamashine hakakuandika namba. Kaliandika HI. Mimi kwa ujinga wangu nikasema kanatusalimia. Sister wa zamu akanitazama akasema, "Dada, hiyo si salamu, ni high. Imepita pale mashine inaweza kusoma."

Daktari hakuzunguka. Vidole vimeenda. Mguu watajaribu kuokoa, ila hawezi kuniahidi. Nikaketi kwenye benchi la korido na ile gumboot moja mkononi, sijui hata kwa nini nilikuja nayo.

Akaniuliza mama anakula nini. Nikamwambia kwa majivuno, ugali hali, mkate hali, chapati hali, anakula chakula cha asili tu. Akauliza kipi. Nilipoanza kutaja, nduma, ngwaci, ndizi, uji, asali, nikamwona anaweka kalamu chini.

"Na tembe?"

Mama akajibu kutoka kitandani, sauti ya chini. "Niliwachana nazo. Coach alisema."

Wakuu, vidole viwili vilikatwa. Mguu ukabaki. Nashukuru Mungu na nawashukuru wale watu wa wodi, lakini nitawaambia ukweli, wiki ile sikuwa mtu wa kushukuru. Nilikuwa nimewaka.

Coach nilimpata Hurlingham, amekuja kumwona Madam. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Nilitarajia angalau aseme pole.

"Hold on," akasema. "Mimi nilisema nduma saa ngapi? Nduma ni starch kama ugali tu. Paleo ni Stone Age. Ancestors kama cavemen. Si nilionyesha kwa slides? Mum wako ali-do it wrong."

"Coach, wewe ulisema mababu."

"Yes, mababu. Stone Age."

"Mama yangu babu yake anamjua! Amemzika! Alikuwa analima ngwaci hapo Mutuini, hakuwa anakimbiza swara na mkuki!"

Akainua mabega. Akasema watu wengine wote wanafuata vizuri, ni mama tu alichanganyikiwa. Nikamwomba kitu kimoja, Jumamosi awaeleze wale wamama, na aondoe ule ushuhuda. Akasema hiyo ita-create panic.

Basi Jumamosi nikajipeleka Kitisuru bila mwaliko.

Na nini nakuta kwa ukuta? Mama. Picha yake na ile sketi, kubwa kama mlango. Coach anawaambia, "Huyu mum ni wa hapa hapa Mutuini, si majuu." Wakati huo huo mama yuko wodini anafundishwa kutembea upya.

Nilisimama. Sikupanga cha kusema na sikumtukana mtu. Niliwauliza tu wamama swali moja, mmekula nini leo asubuhi?

Wakatazamana. Mmoja akasema, "Nduma na chai ya strungi." Wa nyuma yake, "Ngwaci." Mama mmoja wa Machakos aliyejifunga leso akasema kwa furaha kabisa, "Mimi nilikula isyo, mahindi na maharagwe, vile mamangu alikuwa anatupikia." Mwingine uji. Mwingine muhogo. Wakawa wanajibu wakitabasamu, kama wanafunzi wanaojua wamepata.

Nikamtazama Coach. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

Nikauliza tena. Nani ameacha dawa?

Kisha mkono mmoja ukapanda, polepole. Ukafuata mwingine. Yule wa Machakos akainua wake nusu, akashusha, akainua tena. Madam alikuwa mlangoni na trei ya makadamia, akaiweka chini kwenye nyasi.

Nikawaambia yule kwenye picha ni mama yangu, na nikawaambia alipo.

Coach alianza, "But ladies, I clearly said..." na hakuna aliyekuwa anamsikiliza. Watu walikuwa wanatafuta simu kwenye mikoba. Yule wa Machakos nilimpeleka kliniki mwenyewe na gari la Madam.

Mnadhani hadithi inaishia kwa ushindi? Ngojeni.

Jioni nikapita wodini nikiwa na kifua mbele kama Coach, nikamsimulia mama yote. Halafu akaniambia:

"Maitu, umemwaibisha mtoto wa wenyewe mbele ya watu? Yeye alifundisha vizuri. Ni mimi sikusoma, sikuelewa kile Kiingereza. Mwambie anisamehe, nimemharibia ushuhuda."

Mwambie anisamehe. Mtu ana bandeji mpaka kwenye kifundo cha mguu, na anamwombea msamaha yule aliyemwambia anywe maji zaidi.

Nililia hapo hapo, wakuu, na kilichoniliza si huruma. Ni hasira. Kwa sababu najua kuna wamama wengi kama huyu. Hawatakuja hapa kulalamika. Ukiwaumiza wanafikiri wao ndio wajinga.

Kwa hivyo haya ndiyo niliyojifunza. Kama Paleo imekufaa, hongera, kula makadamia yako kwa amani. Lakini ukitaka kuwafundisha wazazi wetu, wape jina la chakula, hiki kula, hiki acha, kwa lugha wanayopikia. Na dawa ya mtu usiiguse, si yako. Coach, kama unasoma humu, na nina hakika unasoma, mama amekusamehe kabla hujaomba. Mimi bado.

Wengine wote mtakaotaka kuchangia, iwe ni kunipinga au kunipa pole, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujaandika, mpigie mama yako simu. Muulize amekula nini leo, na kama amemeza dawa. Ukishasikia jibu, njoo utuambie.