Penseli Kwenye Pambizo za Magazeti ya Chuo

Mjinga wa siku hiyo ni mwandishi wa makala haya. Saa tatu asubuhi, analamba kidole ili afunue gazeti la chuo lenye umri wa miaka hamsini. Kipande cha ukurasa kinabaki kidoleni kama ganda la kitunguu.

"Mate ni ya kubandikia stempu, mwanangu," anasema mjalidi, fundi wa kushona na kujalidi vitabu, bila kuinua macho kutoka kwenye sindano yake. "Hapo umelamba mkutano mzima wa mataifa. Wajumbe wote wameenda na maji."

Anacheka peke yake. Chumba chenyewe hakichekeshi: chini ya maktaba, taa moja, ukuta unaotoka jasho, harufu ya gundi na panya. Ijumaa lori linakuja kuyabeba magazeti yote yakasagwe kuwa trei za mayai. Chumba kinatakiwa kwa mashine za kuchapa mitihani.

Wanafunzi humwita mjalidi huyu Sindano. Ana miaka sitini na miwili. Thelathini na mmoja ameimalizia humu, kwa kandarasi ya miezi mitatu mitatu, akishona magazeti ya kila mwaka yawe buku moja. Mgongo umepinda, jicho la kushoto limeingia ukungu.

Katika magazeti haya, vijana wa zamani waliyaandikia mataifa kana kwamba yanangoja ushauri wao.

"Mmoja alikuwa na zamu ya redio bwenini," anasimulia. "Akisikia nchi fulani imepinduliwa, kufika asubuhi wenzake wameshaipangia mawaziri. Wenyewe hata suruali ya pili hawana."

Ya nchi yao hayakupita kwa mlezi wa gazeti, mwalimu aliyelikagua kabla ya kuchapwa. Hayo wasomaji waliyajadili kwa penseli kwenye pambizo, ile nafasi nyeupe kando ya maandishi: huyu anauliza, yule anajibu, wa tatu anatukana.

Mwaka wake wa kwanza kazini, Sindano alizikata pambizo za miaka minne ili kingo zipendeze. Akasifiwa kwa usafi.

"Nikaja kugundua nimefagia taifa zima," anasema, na safari hii hacheki. "Mke wangu akaniambia nisamehe yaishe. Nimsamehe nani, mkono wangu?"

Tangu hapo hakati kitu. Amebakiza magazeti ya miaka kumi na mmoja ya kushona. "Wanipe kabati moja tu, huko juu. Nife nikijua yako pakavu."

Saa sita anaingia ofisa wa majengo, kijana aliyesoma chuo hikihiki, na karatasi ya lori mkononi. Bila saini ya mjalidi, hakitoki kitu.

"Mzee wangu, tusisumbuane. Nani anasoma haya? Yamepitwa na wakati."

Sindano anafungua buku, anaweka kidole kwenye pambizo. Penseli imefifia, lakini inasomeka: *Ya ng'ambo tumeyamaliza. Daraja letu limeliwa na nani?*

Ofisa anasoma. Anautazama mlango.

"Kama yamepitwa na wakati," anasema mjalidi, "kesho kwenye kikao kamsomee mkuu wa chuo hayo, kwa sauti. Ukirudi bado una kazi, nasaini."