Naima aliifuata mvua upande wa pili wa Uluguru

Saa kumi na mbili asubuhi, soko la Tandika, Temeke, limeshachangamka. Naima Sadallah, mama wa watoto watatu, anakata mkungu kwa panga fupi na kupanga vichane vya ndizi juu ya meza. Wateja wanamzonga.

"Nyie subirini, ndizi hazikimbii," anawaambia huku akicheka. "Mzigo wa leo upo wa kutosha."

Mwaka jana asingecheka hivyo. Alikuwa akiuza nyanya, kazi aliyoianza mwaka 1992 baada ya kiwanda cha nguo alikokuwa fundi kupunguza wafanyakazi. Nyanya zake zilitoka Mlali, magharibi ya milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Kisha vuli ya 1996 ikagoma. Matenga yakapungua, mwisho yakakoma kabisa. Majirani zake sokoni wakafunga meza, na mumewe akamshauri apumzike.

"Nikamwambia mie sikai nyumbani kungoja habari za kuletewa. Nakwenda kuona kwa macho yangu."

Mlali alikuta miche imekauka. Alipoinua uso, akaona vilele vimefunikwa na wingu zito. Akamuuliza Nassibu, mkulima aliyekuwa akimuuzia: "Mvua si ile pale? Mbona haishuki?"

"Inashukia upande wa pili, dada. Kwa wakwe zangu, Kinole."

Kesho yake wakauzunguka mlima pamoja. Gari lilishindwa na utelezi, wakamalizia kwa miguu, Naima ameshika viatu mkononi. Alifika ametota chapachapa, anacheka peke yake.

Bwana shamba wa huko, Wilbert, alimweleza kwamba upepo wa baharini hubeba unyevu. Ukiufikia mlima hupanda juu, hupoa, na unyevu ule hugeuka mvua. Ukishavuka kwenda Mlali, umebaki mkavu.

"Kumbe ni upepo huu huu wa kwetu Temeke!" anasema Naima. "Unatupita hivi hivi, unaenda kumwagia Kinole."

Lakini nyanya hazikuwepo; mvua nyingi huziozesha. Zilikuwepo ndizi, zikiivia mashambani kwa sababu wanunuzi waliiogopa barabara. Naima hakuwahi kuuza ndizi maishani mwake. Hata hivyo alizichukua. Hamisa, shemeji yake Nassibu, akawaita kina mama wenzake, wakashusha mikungu kichwani hadi lilipokwama gari.

Tandika walimcheka. Unga ulipopanda bei, kicheko kikaisha. Ndizi mbichi zikawa chakula cha mchana cha nyumba nyingi, na Naima akawa anapata karibu mara mbili ya alichokipata kwenye nyanya.

Sasa Mlali nako kumenyesha, na Nassibu ameshapanda upya. Naima anataka kuuza mazao ya pande zote mbili. Ameshalipia meza ya jirani, na mwezi ujao Hamisa anakuja Dar es Salaam kwa mara ya kwanza kuisimamia.

"Kulima anakujua kunishinda," anasema, akimfungia mteja kichane. "Mie nitamfundisha kupiga kelele za soko."